Msitu Uliopimwa kwa Mizani

Zamani kidogo, si zamani ya majini na masultani bali ya juzijuzi tu, palikuwa na nchi iitwayo Tutaona. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana na kwetu, na mambo yake hayafanani hata chembe na ya kwetu, ndiyo maana nayasimulia bila wasiwasi wowote.

Nchi hiyo iliwahi kuwa na misitu minene. Mmoja ulichoma matofali ya jengo la Wizara ya Misitu. Wa pili ukawa meza, viti na mlango wa ofisi ya Waziri, mlango mzito kiasi kwamba aliajiriwa mtu wa kuusukuma. Wa tatu uliteketea katika Wiki ya Kitaifa ya Kuzuia Moto, kwa sababu ya fataki za ufunguzi. Iliyobaki ilikatwa na watu wasiojulikana waliotumia malori yanayojulikana. Ilipokwisha yote, Wizara ikabadilishwa jina, ikaitwa Wizara ya Kuni, Moshi na Majivu, maana serikali ya Tutaona haipendi kuwadanganya watu wake.

Ukabaki msitu mmoja katika nchi nzima, nao haukuwa wa serikali. Ulikuwa katika kijiji cha Kwambwegu, na mwenye kuutunza alikuwa mjane mmoja muuza kuni, Bi Sikudhani.

Msitu wenyewe ulikuwa ekari saba za mijohoro. Bi Sikudhani aliachiwa na mama mkwe wake, ambaye naye aliachiwa na mama mkwe wake. Uligawanywa vipande saba, na kila kipande kiliitwa kwa jina la siku, kuanzia Jumamosi mpaka Ijumaa. Kila mwaka kilikatwa kipande kimoja tu, vingine sita vikapumzika. Zamu ilipozunguka na kurudi, kipande cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuwa msitu upya, kwa sababu mjohoro ukiukata kwa adabu haufi, huchipua. Adabu yenyewe ni kukata kabla ya masika, usawa wa goti, tena mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Mzizi hauguswi hata kwa ncha ya jembe. Watu wa Kwambwegu waliuzoea utaratibu huo mpaka wakahesabia umri. Ukimwuliza mtu mwanawe alizaliwa lini, atakwambia, "Mwaka wa Alhamisi, ule wa nzige."

Kuni hizo zilinunuliwa na shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa pale pale kijijini, ambako walilishwa wanafunzi mia sita. Mpishi wa shule hakuwahi kufungua tita la Bi Sikudhani kulikagua. Kama ndani mlikuwa na ukuni mbichi, mwenyewe alisema, "Huu bado una maji, uweke kando wiki mbili." Hakuwa amepata kusema uongo katika biashara yake. Si kwamba alikuwa malaika. Kuni zina tabia mbaya ya kumwumbua mwongo, ukiziwasha tu, moshi unasema kila kitu.

Katika shule hiyo alisoma mjukuu wake, Semeni, binti wa miaka kumi na miwili, ambaye mama yake alifariki yeye angali mchanga. Bi Sikudhani hakuwa na mrithi mwingine duniani. Kila likizo alimtembeza katika vipande vyote saba akimwonyesha pa kupitisha panga.

"Mimi nikifa mwaka wa Jumatatu," alimwambia, "wewe mwakani ukate Jumanne. Usije ukalia sana ukasahau."

"Bibi nawe! Hufi."

"Basi vizuri. Lakini Jumanne usiisahau."

* * *

Siku moja wakaja wageni kutoka nchi za baridi, waliojiita Marafiki wa Maendeleo. Walitaka kuisaidia Tutaona iwe na kuni endelevu, yaani kuni zinazokatwa bila kuumaliza msitu. Walikuwa na fungu nono la msaada na swali moja tu: "Mnazo tani ngapi?"

Mtukufu Mlezi wa Nchi, ambaye pia aliitwa Figa la Kwanza la Taifa, alimtazama Waziri. Waziri akamtazama Katibu. Katibu akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama nje ya dirisha, na kwa kuwa huko hapakuwa na mti hata mmoja, hakupata msaada.

"Tunapima," Waziri alisema. Huo ukawa msimamo wa serikali.

Kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Uendelevu wa Kuni kwa dakika kumi na moja, nne kati ya hizo zikiwa za makofi. Kifungu cha tatu kilisema ni marufuku kukata msitu kwa matumizi yoyote mpaka uzito wa msitu mzima ujulikane kwa mizani iliyothibitishwa. Uzito ukishajulikana, mwenye msitu ataruhusiwa kukata sehemu moja ya saba kwa mwaka. Kifungu hicho kiliandikwa na mwanasheria msomi sana, aliyezaliwa na kukulia ghorofani.

Wiki haikuisha, msafara wa magari manne ukaingia Kwambwegu. La kwanza lilimbeba Bwana Ngwilizi, Mkurugenzi Msaidizi wa Uendelevu. La pili lilibeba mkoba wake. La tatu lilibeba mizani kubwa ya kupimia pamba, iliyoazimwa kwenye ghala la ushirika. La nne lilikuja kwa sababu lilikuwa na mafuta.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shekigenda, aliwapokea akiwa amevaa koti la suti katika jua la saa saba. Alikuwa amengoja cheo cha juu zaidi kwa miaka kumi na tisa na alijua cheo hakimfuati mtu aliyevua koti. Aliwaongoza wageni mpaka kwa Bi Sikudhani, aliyekuwa akifunga matita.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Ngwilizi.

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Tumeambiwa wewe una msitu endelevu."

"Nina mijohoro. Hilo jina lingine sijalipata."

"Una uzito gani?"

"Mimi?"

"Msitu, mama."

"Ah! Sijawahi kuubeba wote kwa pamoja, baba. Kila mwaka nakata kipande kimoja, napata matita mia nne, ukame ukiwepo yanapungua. Nakadiria kwa jicho."

Bwana Ngwilizi alitabasamu kwa huruma ya msomi. "Jicho halina muhuri, mama."

Vijana wake wakashusha mizani, wakaitundika kwenye nguzo tatu, wakaufunga mjohoro mmoja kwa mnyororo na kuushikiza kwenye ndoana. Mjohoro ukatulia. Mshale wa mizani nao ukatulia, kwenye sifuri. Wakajaribu mwingine, ikawa vile vile. Bwana Ngwilizi akatoa kalamu na kuandika ugunduzi ambao baadaye ulimpatia shahada ya heshima: "Msitu ukiwa umesimama hauna uzito."

Akafunga daftari. "Itabidi ulale."

"Ulale vipi, baba?"

"Ukatwe, uwekwe kwenye mizani, tujue. Tukishajua, wewe utakata kwa amani moja ya saba kila mwaka."

"Lakini ndivyo ninavyokata sasa."

"Sasa hivi unakata bila kujua."

Bi Sikudhani aliweka chini kamba aliyoishika. "Baba yangu, ukiulaza wote mwaka huu, miaka sita ijayo nitakata nini?"

"Hilo ndilo tunalotaka kukusaidia ulijue."

"Kijiji kinaunga mkono kwa asilimia mia moja!" alidakia Mzee Shekigenda. Kijiji hakikuwa kimeulizwa, na nusu yake ilikuwa shambani.

* * *

Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kukaa na donge rohoni. Alijitwika kikapu cha viazi vya kuchemsha, akapanda lori la vitunguu, akaenda mji mkuu kupinga.

Katika Wizara ya Kuni, Moshi na Majivu alielekezwa dirisha namba tano, ambako binti mmoja mpole alikuwa akichemsha chai kwa moto wa mafaili. Yalikuwa mafaili ya pingamizi za mwaka uliopita, makavu, yanawaka vizuri.

"Bibi, fomu ya pingamizi inataka utaje uzito wa kitu unachokataa kisipimwe," alisema binti.

"Uzito wake siujui, mwanangu."

"Sasa utajuaje kama unapinga jambo kubwa au dogo?"

"Nikiupata uzito, msitu utakuwa umekwisha kukatwa."

"Hapo ndipo utakuwa na haki kamili ya kupinga," binti akasema, akammiminia kikombe cha chai, kwa sababu kwa kweli hakuwa na roho mbaya. "Lakini nenda kwa Mheshimiwa mwenyewe. Ni msikivu."

Msukuma mlango alikuwa amekwenda kula, hivyo Waziri alikuwa amefungiwa ndani na wananchi wamefungiwa nje mpaka saa tisa. Ulipofunguliwa, Bi Sikudhani alimkuta Mheshimiwa Waziri Fumbwe nyuma ya meza ndefu kama jamvi la msibani. Alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, ishara ya usikivu wa hali ya juu.

"Mama yangu mzazi," alisema, ingawa hawakuwahi kuonana, "kuna upotoshaji umefanyika huko chini. Serikali yako haikati msitu. Inaupima. Kukata ni uharibifu, kupima ni sayansi."

"Mheshimiwa, ukishapimwa utarudishwa?"

"Utarudishwa kwa njia ya takwimu."

"Na shule nitaipelekea nini?"

Waziri akainuka, akashika ukosi wa koti, maana swali lilikuwa limefikia kiwango cha hotuba. "Wahenga wetu walinena, bandu bandu huisha gogo. Walituonya, mama, dhidi ya kubandua kidogo kidogo! Ndiyo maana serikali hii haitabandua. Tutakata wote kwa mara moja, tusiwaudhi wahenga."

Wasaidizi wake wanne wakapiga makofi. Bi Sikudhani alikuwa amebishana na wanunuzi wagumu maishani mwake, lakini hao angalau walikuwa wanataka kuni.

* * *

Aliporudi Kwambwegu miguu imevimba na moyo umemwishia, alikuta wakataji kumi na wawili wamepiga kambi kando ya Jumamosi wakinoa misumeno. Masika yalikuwa yamebaki wiki mbili. Mwanamke mwingine angewalaani. Yeye aliteleka sufuria la uji wa muhogo, akawapelekea, akakaa karibu na nyapara wao, kijana mmoja mwenye kovu kidevuni aitwaye Chilumba.

"Mwanangu, umeambiwa ukate vipi?"

"Nimeambiwa nikate, mama. Nikate mpaka uishe."

"Ukate wapi kwenye mti?"

Chilumba alifikiri. "Hapo hawakusema."

"Basi kata hapa." Akajipiga gotini. "Mshazari, kama unavyokata muwa. Kila mti."

"Na mzizi?"

"Mzizi mimi sijautaja, na wewe usiutaje."

Chilumba alimwangalia mama yule, akaangalia uji, akaangalia mijohoro. Alikuwa mtoto wa mkulima kabla hajawa mkataji. "Sawa, mama," alisema. "Goti ni goti."

Wakakata siku saba. Jumamosi ilianguka Jumatatu, Jumapili ikaanguka Jumanne, na Bwana Ngwilizi aliandika taarifa iliyomchanganya hata yeye. Mizani ilitundikwa, kuni zikapanda na kushuka, karani akaita kilo kwa sauti ya mnadani. Bi Sikudhani alikaa pale siku zote saba, kanga mdomoni. Kwa Jumamosi hakulia, maana zamu yake ilikuwa imewadia hata hivyo. Alilia kwa Ijumaa. Ijumaa ilikatwa mwaka jana tu, vichipukizi vyake havikuzidi unene wa kidole gumba, na navyo vilipimwa: kilo arobaini na mbili. Alilia kwa sauti, mpaka karani akamwomba apunguze kwa kuwa alikuwa anampotezea hesabu.

Jumla ilikuwa tani mia moja na arobaini kamili. Bwana Ngwilizi alimpa mkono. "Hongera, mama. Sasa una msitu unaojulikana." Kisha msitu unaojulikana ukapakiwa kwenye malori na kupelekwa mji mkuu kuhifadhiwa kama kielelezo cha kitaalamu.

* * *

Uzinduzi wa Takwimu ulifanyika uwanja wa taifa. Bi Sikudhani alipelekwa kwa gari la Wizara, akavishwa fulana yenye maandishi MSITU WANGU, TAKWIMU YANGU juu ya gauni lake, akaketishwa safu ya mbele kati ya bendi ya polisi na balozi aliyesinzia.

Walioalikwa kula pilau walikuwa elfu tano, na hapo likatokea tatizo la kisheria. Sheria mpya ilikuwa imekataza kupikia kuni zisizopimwa. Katika nchi nzima ya Tutaona kuni zilizopimwa zilikuwa zile tu za Kwambwegu. Serikali inayofuata sheria haina njia ya mkato. Nyuma ya jukwaa, chini ya masufuria arobaini, Bi Sikudhani akaona mijohoro yake ikichomekwa mafigani.

Kwa bahati mbaya kuni hizo zilikuwa mbichi. Alijaribu kumwambia askari, "Hizo bado zina maji, ziwekeni kando miezi miwili," askari akamwambia asiingilie ratiba. Moshi ukapanda, ukaning'inia, ukashuka jukwaani. Mtukufu Mlezi wa Nchi alisoma hotuba yake bila kuonekana.

"Kwa mara ya kwanza katika historia," ilisema sauti kutoka ndani ya moshi, ikikohoa, "tunajua tulichokuwa nacho!"

Marafiki wa Maendeleo walifuta machozi. Redio ya taifa ilitangaza kwamba wageni walilia kwa kuguswa na mafanikio ya nchi. Mmoja wao, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, alifanikiwa kumshika Waziri mkono na kuuliza msitu wenyewe uko wapi.

"Huu hapa," Waziri alisema, akamwonyesha ubao uliochorwa mstari mnene wa kijani ukipanda kuelekea kulia. Mgeni aliutazama mstari kwa muda, akapiga nao picha, akatia sahihi.

Bi Sikudhani alikabidhiwa kibali chenye riboni, kilichomruhusu kukata tani ishirini kila mwaka, milele. Pilau hakuila. Ilikuwa na ladha ya moshi, na moshi wenyewe aliujua.

* * *

Masika yakaja, na mvua zikanyesha kwa haki, kwa sababu zenyewe hazikuwa chini ya Wizara yoyote. Wiki sita baada ya misumeno, visiki vya Kwambwegu vikaanza kuvimba magome. Kisha vikatoa machipukizi, mawili hapa, matano pale, laini, yenye rangi ya chai ya maziwa. Bi Sikudhani alivizungukia vipande vyote saba akiwa amepiga magoti, akihesabu kwa vidole. Hakuna kisiki hata kimoja kilichokuwa kimekufa. Alirudi nyumbani akicheka peke yake, watu wakadhani uzee.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Ya tano ukaja ujumbe kutoka kwa Chilumba, umebebwa na mchuuzi wa chumvi: "Mama, katapila mbili zimelala mjini, kesho zitakuwa kwako. Bwana mkubwa amesoma."

Bwana mkubwa alikuwa Bwana Ngwilizi, na kweli alikuwa amesoma. Alikuwa ametumwa semina ng'ambo kwa msaada wa wageni, na huko akaambiwa kwamba sehemu kubwa ya mti iko chini ya ardhi. Alirudi amechanganyikiwa. Kumbe takwimu zilikuwa pungufu! Wizara ikatangaza Awamu ya Pili: kila kisiki kilicho hai king'olewe na kupimwa pamoja na mizizi yake. Visiki vilivyokufa havikuhusika, kwa kuwa havikuwa na fungu katika bajeti.

Bi Sikudhani aliita wanawake sita wa jirani. Hakueleza mengi. Usiku kucha mpaka alfajiri walivipaka visiki tope na masizi ya vyungu, wakayafunika machipukizi kwa majani makavu, mpaka ekari saba zikafanana na jiko lililomwagiwa maji. Walikuwa wanamaliza kipande cha Ijumaa gari lilipolia honi.

Katapila zilisimama barabarani zikinguruma. Bwana Ngwilizi akashuka, Mzee Shekigenda nyuma yake na koti lake. Akatembea kidogo kati ya visiki, akakichungulia kimoja, akajifuta masizi kidoleni.

"Mama," alisema, "viko elfu tatu na zaidi, siwezi kukagua kimoja kimoja kwa jua hili. Lakini sina haja. Nchi nzima inajua Bi Sikudhani hasemi uongo, hata mpishi wa shule hafungui matita yako. Wewe niambie tu. Kuna kisiki hai hapa?"

Bi Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya kisiki ambacho hawakuwahi kukifunika. Kanga aliyojifunga ilikuwa imeshuka mpaka chini, na machipukizi mawili yalikuwa yakimgusa nyuma ya mguu, yana umande bado. Miaka arobaini ya kusema huu mkavu, huu mbichi. Kila alichokuwa nacho, mbali na ardhi hii, kilikuwa ni neno lake, na alijua likitoka halirudi.

"Hakuna, baba," alisema. "Msitu umekufa."

Bwana Ngwilizi aliandika. Bi Sikudhani akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Bwana Ngwilizi alifungua mkoba na kutoa karatasi ya waridi.

"Msitu ukifa, lazima kuwe na aliyeuua. Hii ni Fomu Namba Kumi na Tisa. Nahitaji jina."

"Si ulikatwa na Wizara, baba? Wewe mwenyewe ulikuwapo."

"Wizara ilipima."

Wote wawili wakamgeukia Mzee Shekigenda. Mwenyekiti akakumbuka kwamba ana kikao cha dharura, akaanza kuondoka kinyumenyume.

"Bila jina faili halifungwi," Bwana Ngwilizi alisema kwa upole, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Faili lisipofungwa, itabidi katapila ziingie kutafuta ushahidi."

Katapila zikanguruma. Bi Sikudhani aliyaangalia meno ya chuma ya mashine zile.

"Andika langu."

Kalamu ya Bwana Ngwilizi ilisita. Sijui aliona nini, au kama aliona kitu. Alitazama chini, kwenye pindo la kanga, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama pindo la kanga. "Mama, unaijua adhabu yake?"

"Andika, baba. Sikudhani binti Mbaruku. Na wino wa dole gumba nipe."

* * *

Redio ilisoma jina lake jioni tatu mfululizo: Adui Namba Moja wa Misitu wa Jamhuri ya Tutaona. Alifutiwa kibali cha milele na akapigwa marufuku kushika shoka, panga la kuni au kuuza hata ukuni mmoja mpaka kufa. Ekari zake zilizungushiwa kamba na bango: ENEO LA UHALIFU, USIINGIE. Watu wa Tutaona, ambao hukata mti wowote ulioandikwa hifadhi, wanaogopa sana kuitwa mashahidi. Hakuna aliyevuka kamba ile wala kutazama ng'ambo yake, si mtu si mbuzi wa mtu.

Shule ikapata Wakala wa Kuni Endelevu, Mzee Shekigenda, hatimaye mwenye cheo. Kuni zake zilikuja mbichi, kutoka mahali ambapo hakuna aliyeuliza, kila tita lina muhuri. Wasichana mia sita walikula makande mabichi yenye harufu ya moshi. Bi Sikudhani alikaa nje ya nyumba yake akimenya karanga za kuuza, na kila aliyenunua alizimwaga kwanza na kuzichambua moja moja.

Siku ya Kupanda Miti, shule iliimba mbele ya Mkuu wa Wilaya wimbo uliotungwa na Wizara. Sauti ziliruka ukuta zikamfikia pale alipokaa: "Nani kaua msitu wetu? Sikudhani! Nani kaleta jua kali? Sikudhani!" Alijaribu kutosikiliza. Lakini alimlea mjukuu wake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na sauti yake aliitambua katikati ya mia sita. Semeni alikuwa anaimba. Mara ya pili, jina lilipofika, aliisikia ikinyamaza. Mara ya tatu ikaimba tena, kwa nguvu kuliko zote.

Likizo ilipofika Semeni alirudi na sanduku lake la bati. Aliamkia akiwa amesimama mbali, kama anavyoamkiwa mtu wa njiani. Bi Sikudhani akampakulia wali wa nazi aliokuwa amemwekea, akamsogezea kigoda. Mtoto hakukaa.

"Bibi, walimu wanasema wewe ndiye uliyeua msitu. Wanasema uliweka dole gumba mwenyewe."

Bi Sikudhani alimtazama. Angeweza kumshika mkono, akamvusha kamba, akamwonyesha mijohoro michanga iliyokwisha kumpita kimo. Ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale walipo. Mtoto angeruka kwa furaha, angemkumbatia, na shule ikifunguliwa angewaambia wenzake wote kwamba bibi yake hana kosa. Angewathibitishia. Angewaambia wakaone.

"Bibi, ni kweli?"

"Kweli, mjukuu wangu. Kula, wali unapoa."

Semeni machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akachukua sahani yake, akaenda kula kwa jirani. Bi Sikudhani alitamani kumwita, akafungua hata mdomo. Akakumbuka kwamba msitu ulihitaji miaka sita mingine, na kwamba shuleni watoto hufundishwa kusema kweli. Akaufunga mdomo, akaendelea kumenya karanga.